Nyumba Isiyoona Ziwa

Komisioneri wa kwanza alinicheka usoni. Wa pili aliniuliza kwa adabu kama kuna dawa ninazotumia. Hawa ni watu ambao kazi yao ni kuwatafutia wengine nyumba za kupanga, na wamesikia kila ombi linaloweza kutoka kinywani mwa binadamu, lakini langu lilikuwa jipya kwao. Nilitaka nyumba hapa Bukavu, mtaa wowote, mradi ukifungua dirisha usilione ziwa.

"Maman, batu banalipa mara mbili juu ya kuona lac," yule wa kwanza alisema huku akijifuta machozi ya kicheko. "Weye unataka kulipa juu ya kutoiona?"

Ndiyo, nilimwambia, na kama kazi imemshinda aseme, asinipotezee wakati. Nilikuwa na siku sita tu.

Wa tatu ndiye Cyprien. Alikuwa mtu wa makamo, tai shingoni ingawa shati halikuwa na kifungo cha juu, simu mbili mkononi, na viatu vilivyopanda na kushuka vilima vya mji huu mpaka vikalalia upande mmoja. Huyu hakucheka. Alichomoa kalamu sikioni, akaandika kwenye kiganja chake: lac hapana. Halafu akaniuliza nyumba ni ya nani.

"Ya Baba," nilisema.

Baba yangu ni Mzee Feruzi, aliyeuza vitenge sokoni Uvira kwa miaka hamsini na minane. Uvira ni mji mwembamba, mlima nyuma, Tanganyika mbele, na sisi tumebanwa katikati. Nyumba yetu ilikuwa upande wa ziwa. Aliijenga na mama, tofali baada ya tofali, na mama alipofariki akabaki humo, akisema hatatoka ila ndani ya jeneza. Kisha ukaja ule mwaka ziwa lilipopanda. Watu ambao hawakuwapo hudhani kulikuwa na dhoruba. Wapi! Maji yalikuja kimya, kila siku upana wa vidole viwili, kama mgeni anayesogeza kiti chake taratibu. Yaliingia uani, yakaingia jikoni, yakafika chumbani. Baba aliweka mifuko ya mchanga, maji yakapita chini yake. Akainua kitanda juu ya matofali, asubuhi akaamka na kukuta viatu vyake vinaelea. Siku ya arobaini majirani walimtoa mgongoni, analia kama mtoto, na wiki hiyo hiyo nyumba ikaanguka. Kikabaki chumba kimoja.

Tangu hapo Baba ana neno moja tu. "Maji ilinifuata." Hasemi kwamba ziwa lilipanda, wala kwamba Uvira ilipatwa. Anasema lilimfuata yeye, Feruzi, kama adui anayelijua jina lako na mlango wako.

Mwishowe nilihamia naye Bukavu, kwa binamu yangu Yassine, ambaye biashara imemnyookea na ana nyumba nzuri Muhumba. Kosa langu hilo. Bukavu imekaa juu ya rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, na nyumba ya Yassine iko kwenye ukucha. Ziwa Kivu liko sebuleni, liko chumbani, liko hata chooni. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi wangu nilikuwa nimemweka katikati ya nyasi. Miezi mitatu Baba alikaa akiutazama ukuta. Kila mvua iliponyesha alisimama, akakunja kanzu yake, akaitia kwenye mfuko, akangoja karibu na mlango. Alikonda. Nafisa, mke wa Yassine, mwanamke mwenye subira kunizidi mara kumi, alimpikia kila alichokuwa akikipenda, na sahani zikarudi kama zilivyokwenda.

Jumanne moja asubuhi aliniita akaniambia kwamba Jumatatu inayofuata atarudi Uvira, kwenye kile chumba kimoja.

"Baba, ile chumba iko na maji mpaka hapa," nilisema, nikimwonyesha kiuno changu.

"Najua. Kama inanitaka, inikutie kwangu."

Nililia. Nilimkaripia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kupaza sauti na kusikilizwa, na siku hiyo nilisema maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Yeye alingoja nimalize. Mwishowe, labda kwa kunihurumia tu, akaniwekea sharti: nikipata hapa mjini nyumba ambamo hatayaona yale maji, atabaki. Nisipopata, Jumatatu iko palepale. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Pasaka, kwa hiyo wakati nilikuwa nao. Lakini sikujidanganya. Akiondoka, safari yangu ya kumfuata itakuwa ya kwenda kumzika.

Nilimweleza Cyprien haya yote tukiwa tumesimama kando ya barabara Nyawera, magari yakitupigia honi. Alipangusa uso kwa tai.

"Bon," alisema. "Tutatafuta."

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kukimbilia juu. Nilijiambia kwamba ziwa liko bondeni, basi tukipanda tutaliacha huko. Jumatano tukapanda Kadutu, tukapanda tena mpaka Cimpunda, ambako nyumba zimeshikana mabega zisianguke, na nikafika mahali nikawa naongea kwa ishara tu kwa kukosa pumzi. Mwenye nyumba alitupitisha vyumba viwili visafi, akafungua mlango wa nyuma kwa fahari.

Kuna jambo ambalo kila mtoto wa Bukavu analijua na mimi, mtu wa tambarare, sikulijua: kadiri unavyopanda kulikimbia ziwa, ndivyo linavyozidi kuwa kubwa. Kutoka pale lilionekana lote. Rasi zote, vilima vya Rwanda ng'ambo, na mbali kaskazini kisiwa cha Idjwi kikiwa katika mwanga mwingi mpaka huwezi kuapa kama ni nchi au ni wingu. Vivuli vya mawingu vilikuwa vinatembea juu ya maji, polepole, kimoja nyuma ya kingine. Nilikuwa nimekuja kama adui. Nikasimama pale mdomo wazi, nimesahau hata kumsalimu mwenye nyumba, na mwili wote ukanisisimka. Kisha nikaona haya. Niliona kwamba ziwa lililommaliza baba yangu halikustahili kuwa na ndugu mzuri kiasi hiki.

"Maman, ku Bukavu ukikimbia lac, yenyewe inakufuata na macho," Cyprien alisema.

"Usinichekeshe," nilimjibu. "Tushuke."

Alhamisi tulikwenda Panzi, kusini, nyuma ya kilima, na Baba mwenyewe akakubali kuja. Toka barabarani ziwa halikuonekana hata kidogo. Nilianza kumshukuru Mungu mapema. Mwenye nyumba, kijana aitwaye Thierry, alitukaribisha vizuri, akaonyesha ngazi zilizoanzia ukingoni mwa barabara.

"Nyumba iko hapa chini," alisema.

Baba akasimama kama amegonga ukuta.

Hapa lazima nieleze. Kwetu Uvira kuna pande mbili tu: juu ni mlimani, chini ni ziwani. Ukimuuliza mtu anakaa wapi, atakuambia juu au chini, na tangu ule mwaka, chini ni neno ambalo watu hulisema kwa sauti ndogo. Waliokaa chini ndio waliopoteza. Bukavu chini ni kitu kingine kabisa. Mji umening'inia kwenye miteremko, barabara inapita sawa na mapaa ya watu, na nyumba yoyote ambayo ni lazima ushuke ngazi ili uingie inaitwa ya chini, hata kama iko mawinguni. Thierry alisema ngazi. Baba alisikia maji.

"Miye sishuki chini," Baba alisema.

"Papa, ni ngazi kumi na mbili tu."

"Nimesema sishuki. Nilishakaa chini. Nilitosheka."

Thierry alikasirika. Alisema kama muzee anataka nyumba ya barabarani, basi alale barabarani. Nikamweleza ninavyofikiri juu ya malezi yake, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa ili pasibaki shaka. Nilipogeuka, Baba alikuwa amekwisha kuingia kwenye taksi na kujifungia mlango.

Ijumaa baada ya swala, Cyprien alinipeleka mtaa wa Essence peke yangu. Nyumba ilikuwa sawa na njia, si juu, si chini. Ilikuwa na vyumba vitatu vilivyobanwa kati ya kuta za majirani, na dirisha moja ambalo ukinyoosha mkono unashika tofali la jirani. Ziwa halikuonekana. Jua pia halikuonekana. Ilikuwa saa nane mchana, na mwenye nyumba alituwashia taa ya simu ili tuone sakafu. Niliweka kiganja ukutani, kikarudi na unyevu. Niliwaza kwamba hii ni nyumba ya kumzikia mtu angali hai, na bado nikasema naichukua. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, kama wasemavyo, na mtu wa namna hiyo hachagui ubao wa kushika.

"Hapana," Cyprien alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Komisioneri hula pale mpangaji anaposema ndiyo. Sijawahi kusikia wa kukataa.

"Hapana, Maman. Papa yako akiingia humu, hatamaliza mwaka. Unipe tena siku mbili."

"Siku mbili ni Jumapili. Jumatatu bus inaondoka."

"Njo vile," aliitikia. "Unipe Jumapili."

Nilimpa, kwa kuwa sikuwa na nguvu za kubishana. Jumamosi nzima simu zake zote mbili zilikuwa zimezimwa. Nilimlaani Cyprien, nikawalaani makomisioneri wote na mama zao, kisha nikaomba msamaha kwa Mungu kwa ajili ya wale mama. Baba alikuwa amekaa mbele ya ukuta wake na mfuko miguuni. Nafisa alimkalia karibu akimmenyea chungwa. Hakuligusa.

Jumapili saa tano, Cyprien akatokea getini akiwa na nguo za misa na viatu vya mtu mwingine.

"Nimepata," alisema. "Nguba. Vyumba viwili na sebule, robinet ya maji iko ndani. Jana nimesimama ku dirisha zote, moja moja. Lac hakuna. Naapa ku kaburi ya mama yangu."

Nguba ni rasi nyingine, upande wa mpaka na Rwanda. Nilimtazama machoni kwa muda mrefu, lakini hakupepesa. Nikaenda kumwinua Baba.

Nyumba ilikuwa ya Maman Rosalie, mjane wa kabila la Kishi mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, naye pia ndiyo kwanza atoke kanisani. Alitupokea getini, akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili. Mlango wa nyumba haukuonekana. Ilionekana paa tu, na ngazi za sementi zikishuka kando ya ukuta.

Baba akatazama zile ngazi. Akautoa mkono wake kwenye wangu, nikajua tumekwisha.

Cyprien ndiye aliyechuchumaa mbele yake, suruali yake ya misa juu ya vumbi. "Papa, unisikie. Kwenu, chini njo maji. Kwetu, chini ni ngazi tu. Ku Bukavu mutu anaweza kuwa chini na ndege inapita chini yake. Uangalie mwenyewe."

Akaonyesha nje ya ukingo wa ngazi, juu ya mapaa ya majirani wa chini. Baba hakutaka, kisha akatazama. Mwewe alikuwa anazunguka pale kwenye upepo, mabawa wazi, na tulikuwa tunamwona mgongo. Baba ana miaka sabini na mbili, na maisha yake yote amewatazama mwewe kwa kuinua shingo. Tulimwona manyoya ya kahawia yakipangika, tukamwona akigeuza kichwa.

"Subhanallah," Baba alisema polepole.

Alishuka. Alishuka ubavu ubavu, uso kwenye ukuta, kiganja kimoja kikipapasa sementi, kingine kimenishika bega mpaka likauma. Sikumhimiza. Maman Rosalie alitangulia akifungua milango na kusema karibuni, karibuni, mutanisamehe sijafagia, na sakafu iling'aa.

Sebule ilikuwa tupu, kuta nyeupe, harufu ya chokaa mpya. Upande wa mbali kulikuwa na pazia la maua lililofunika ukuta karibu wote. Nikaanza kupumua. Baba naye alinyoosha mgongo kidogo, akatazama pembe za chumba kama mtu anayefikiri wapi ataweka mkeka wake.

"Na hapa," Maman Rosalie alisema kwa fahari, "njo kitu yenye bote banapenda."

Akavuta pazia.

Maji. Dirisha zima lilikuwa maji. Yalikuwa mbali chini yetu, yanang'aa, yamejaa kati ya ukingo wetu na ule wa Rwanda. Sikumtazama Baba. Nilimgeukia Cyprien na sauti ninayoitumia darasani nikiwa nimekasirika kwelikweli.

"Nilikuambia nini? Nilikuambia nini weye mutu? Uliapa ku kaburi ya mama yako!"

"Maman, ulisema hautaki lac!" Alikuwa ameshtuka kikweli, mikono juu. "Hii haiko lac! Hii iko Ruzizi! Lac iko kule nyuma ya kilima!"

"Na ile ni nini?" Nilionyesha kushoto, ambako palikuwa na maji mapana yaliyotulia.

Cyprien alichungulia. "Ile? Ile ni mwisho yake tu."

Kama nisingekuwa na baba wa kumkamata asianguke, ningempiga. Niligeuka kumshika Baba. Hakuwa ameanguka. Alikuwa amesimama palepale, mikono imening'inia, macho nje.

Kigogo cha mgomba kilikuwa kinakuja kutoka kwenye yale maji yaliyotulia. Kilikuja polepole sana, kama hakijaamua. Kilifika mahali ambapo sikuona alama yoyote, hakuna jiwe, hakuna povu, hakuna mstari, kikajizungusha mara moja, kisha kikachukuliwa. Ghafla kilikuwa na haraka. Kilipita mbele yetu, kikapita chini ya daraja la mpakani, kikakunja kona na kutoweka. Ndipo nikaona kwamba maji yote yalikuwa yanafanya vivyo hivyo. Upande wa kushoto yalilala. Upande wa kulia yalitembea. Katikati, mahali fulani ambapo jicho halikuweza kupashika, ziwa lilikuwa linaacha kuwa ziwa.

"Inaenda wapi?" Baba aliuliza.

"Nini, Papa?" Maman Rosalie akasogea.

"Ile maji. Inaenda wapi?"

"Si inaendaka kwenu!" Alicheka kidogo. "Cyprien alisema muko batu ya Uvira. Hii njo Ruzizi, Papa. Inatoka hapa, inashuka Kamanyola, inapita mu plaine, kule tambarare, inafika kwenu."

Miaka tisa nimefundisha darasa la tano. Kila mwaka nimechora Ruzizi ubaoni kwa chaki ya bluu, mstari mmoja kutoka ziwa la juu hadi ziwa la chini, na watoto wameimba nyuma yangu: inatoka Kivu, inaingia Tanganyika. Nimewapa mtihani juu yake. Na sikuwa nimejua chochote. Nilisogelea dirisha la watu, maana mstari wangu wa chaki ulikuwa pale, hai, mpana, unaondoka mbele ya macho yangu bila kupumzika, na hakuna mwanafunzi hata mmoja niliyewahi kumwambia kwamba jambo hili linatisha na linapendeza kwa pamoja.

"Ruzizi haiko hivi," Baba alisema. Sisi tunaijua kwenye mdomo wake, pana, rangi ya udongo, viboko na mamba ndani, imechoka. "Ile ya kwetu ni chafu. Hii iko rangi ya majani."

"Hapa ingali mutoto, Papa. Haijaona kitu."

"Na yote inapita hapa?"

"Yote. Mvua ya Kalehe, ya Idjwi, ya Kavumu, na ile ya Goma kule yote. Lac haina mulango ingine."

"Tangu lini?"

"Ah! Mi nilizaliwa nikaikuta. Bwana yangu, Mungu amurehemu, alizaliwa akaikuta."

"Haisimamake?"

"Haisimamake, Papa. Hata siku moja."

Baba akasogea hatua moja mbele. Nikaona wazo likimjia usoni, na nilikuwa nimeliogopa tangu Maman Rosalie alipotaja Uvira. Haya ndiyo maji. Haya, mazuri, ya kijani, yanayopita chini ya dirisha hili, ndiyo yaliyoingia uani kwetu upana wa vidole viwili kila siku. Nilimshika mkono. Nilikuwa tayari kumtoa mle ndani, hata kwa kumbeba.

"Rahima," alisema bila kunigeukia. "Weye ni mwalimu. Ikifika kwetu, inabaki?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba ananiuliza kweli, kama mtoto wa darasa la tano, na kwamba hajui, hakuwahi kujua. Aliacha shule akiwa na miaka tisa ili auze vitenge na babu. Kwake Tanganyika ilikuwa ndiyo mwisho, shimo ambalo kila kitu huingia na kutulia na kumngoja.

"Hapana, Baba. Haibaki. Inavuka ziwa yetu yote, inatokea ng'ambo, ku Kalemie. Kule inaitwa Lukuga. Inashuka mpaka mu fleuve, ile mto kubwa, na fleuve inaipeleka mpaka ku bahari."

"Haibaki."

"Haibaki hata."

Jani, tawi, kopo jeupe, kimoja baada ya kingine vilikuja kutoka kwenye maji yaliyolala, vikachukuliwa. Baba alivifuata vyote kwa macho, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akarudi kushoto kungoja kingine. Midomo yake ilikuwa inacheza. Cyprien alikuwa amevua kofia yake, sijui kwa nini, na ameishika kifuani. Mimi nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona.

Maman Rosalie, maskini, alidhani tumeikataa nyumba yake. Alitutazama mmoja mmoja, akaanza kuisifu robinet yake, akausifu mlango wa jiko, na alipoona hatujibu akashika lile pazia la maua.

"Kama hii mutoni inasumbua Papa, nitaweka pazia ingine, ya nguvu. Hataiona."

"Hapana, mama," Baba alisema. "Usiifunike."

Akakaa chini. Alikaa taratibu juu ya sementi, kama anavyokaa msikitini, uso umeelekea dirisha, na akapigapiga sakafu kando yake ili nami nikae.

"Nilizania inanitafuta miye," aliniambia. "Miaka yote hii, nilizania inanitafuta miye. Kumbe ilikuwa inapita tu, na miye njo nilikuwa mu njia."

Niliweka kichwa begani mwake. Tulikaa hivyo mpaka Maman Rosalie alipotuletea viti.